Bi Gia na Pete za Shaba

Kila mara yule dereva alipoingia uani kwa wakwe zake na kurudisha gia ya pili, giaboksi ilitoa mlio wa kopo linalokanyagwa. Mama mkwe wake, aliyekuwa barazani akichambua mchele, alifumba jicho moja kama mtu aliyechomwa sindano, lakini hakusema neno. Alingoja mkwe azime gari, ashuke, amwamkie kwa heshima huku akitazama viatu vyake mwenyewe, ndipo aitikie na kuuliza habari za watoto. Mambo yaliishia hapo, wiki baada ya wiki.

Dereva alijua fika ukimya ule ulikuwa na maana gani. Yule hakuwa mama mkwe hivi hivi. Alikuwa Bi Gia, na jina hilo hakupewa na familia bali na mafundi. Sehemu kubwa ya maisha yake aliimalizia katika karakana ya kampuni ya mabasi, mwanamke peke yake kati ya wanaume, akifungua na kufunga giaboksi mpaka madereva wa kampuni nyingine wakawa wanakuja kwa kujificha kumuulizia. Ilisemwa kwamba angeweza kusimama kando ya barabara, mgongo ameligeuzia basi, na akakwambia basi linalopita liko gia gani na ni gia ipi inayoumwa. Watu hutia chumvi, lakini mke wa dereva, aliyekua akiyaona hayo, aliapa kwamba hapo haikutiwa hata punje.

Kisha kiharusi kikampiga. Ulimi, uliokuwa mzito mwanzoni, ulirudi wote, na kwa kweli ulirudi na nyongeza. Mguu ulirudi nusu. Mkono wa kulia ndio uliokataa. Ulibaki pale mapajani, vidole vikijikunja kwa uvivu, ukiweza kushika kitambaa lakini si spana. Vifaa vyake vilihamishiwa chumba cha nyuma, kile cha kupigia pasi, vikafunikwa shuka la maua. Tangu siku hiyo hakuna mtu katika nyumba ile aliyetaja giaboksi, na Bi Gia mwenyewe hakuliinua lile shuka.

Basi dereva huyo alikuwa na gari la abiria, lile la milango ya kuburuta, alilolitumia kuwapeleka wagonjwa kwenye kituo cha kusafisha figo na kuwarudisha makwao. Ilikuwa kazi ya kuaminiwa. Abiria wake walikuwa walewale, walijua kiti cha kila mmoja, na walirudi wakiwa wamechoka hata kuinua kope ni kazi. Kati yao alikuwamo mzee mmoja aliyewahi kufundisha shule, wote wakimwita Mwalimu, ambaye gari lilipostuka alishika ubavu wake na kusema kwa upole kabisa, "Taratibu, mwanangu, huku nyuma tumebeba mayai." Dereva aliomba radhi. Na kweli hakuwa mtu wa fujo barabarani. Ila gia ya pili ilikuwa imemshinda. Alishaipeleka gereji mara moja, ikabadilishwa pete yake ya ndani, ikapona kidogo, ikaugua tena. Akaipeleka tena, ikarudi vilevile. Mara hii, walipokuwa wakipanda mlima unaoelekea kituoni, gia ya pili iligoma kuingia, ya tatu ikawa nzito, gari likakosa nguvu likasimama njiani na wagonjwa ndani. Ilibidi dereva mwenzake aje kuwachukua. Dereva wetu alibaki kando ya barabara na gari lake, uso umemshuka.

Gereji wakamwambia hapo hakuna tena cha kutengeneza. Atafute giaboksi nyingine nzima. Alizunguka kwa wauza vipuri mpaka soli zikalalamika. Giaboksi ya gari la umri ule haikuwapo, na iliyokuwapo ilikuwa na hali mbaya kuliko yake.

Mke wake ndiye aliyelisema. Alikuwa anakunja nguo, wala hakuinua kichwa. "Mpelekee mama."

Dereva alimjibu kwamba mama ni mgonjwa, na hata kama angekuwa mzima, yeye angeanzia wapi? Angemwambia mama mkwe kwamba ameziua pete zote za giaboksi?

"Anajua," mkewe alisema. "Anakusikia kila Jumapili. Wewe unadhani lile jicho linafumbwa na vumbi?"

Walikwenda wote wawili. Dereva alijikaza, akaeleza kwa kuzungukazunguka kama mtu anayeposa, akataja mlima, wagonjwa, gereji, wauza vipuri. Bi Gia alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alimtazama binti yake, akautazama mkono wake wa kulia, akayarudisha macho kwa mkwe.

"Gereji walipokuwekea pete mpya," aliuliza, "waliweka oili gani?"

Dereva hakujua.

"Ilete," Bi Gia alisema. "Lakini mimi sina mikono. Mikono utaleta wewe."

Binti yake aliingiwa na hofu. Jikoni alimnong'oneza mumewe kwamba kama kazi ile itamshinda mama, itamvunja moyo kabisa, na wao ndio watakaokuwa wamemvunja. Lakini waliporudi barazani, kiti kilikuwa kitupu. Bi Gia alikuwa ameshafika chumba cha nyuma kwa mguu wake ule wa nusu, na lile shuka la maua lilikuwa sakafuni.

Giaboksi ilishushwa na dereva na yule mwenzake, ikabebwa hadi juu ya meza ya mbao iliyokuwa na alama za pasi. Kabla hata haijafunguliwa, Bi Gia aliagiza ifunguliwe nati ya chini na oili imwagwe kwenye karai jeupe. Alichovya humo kidole cha mkono wa kushoto, akainusa, akaisugua kati ya kidole na kidole. Ndani ya oili ilielea chengachenga ya rangi ya dhahabu.

"Hii ni oili ya difu, ya gia za ekseli ya nyuma," alisema. "Nzuri sana, kwa difu. Humu ndani ni sumu. Inaila shaba polepole, tena inateleza mno. Pete inataka kushika, yenyewe inaipaka sabuni."

Alimwelekeza mkwe kufungua ganda, kutoa shafti, kuvua klipu, kupanga kila kitu juu ya gazeti kwa mfuatano uleule kilivyotoka. Mkwe alishangaa kwamba mama hakuwa akitazama anachofanya. Alikuwa ameketi kwenye stuli, macho mara nyingi ameyafumba, akisikiliza. "Hapo umelazimisha," alikuwa akisema. Au, "Hapo sasa. Umesikia ilivyoachia?" Na dereva, ambaye miaka yote alikuwa akizungumza naye kwa kutazama viatu, alijikuta anamtazama usoni ili ajue kama amefanya sawa.

Ilipofika pete ya gia ya pili, Bi Gia aliiomba. Ilikuwa duara la shaba, dogo kama bangili ya mtoto, lenye meno kwa nje na mifereji myembamba kwa ndani. Aliipitisha kwenye ncha ya kidole gumba.

"Gia mbili zinazozunguka kwa mwendo tofauti hazishikani bila ugomvi," alimwambia. "Huyu ndiye msuluhishi. Anaikumbatia koni ya gia, anaituliza mpaka zote ziende mwendo mmoja, halafu anafungua mlango gia iingie. Hii mifereji ya ndani inakata oili ili shaba iguse chuma. Ya kwako imelala kabisa. Gusa."

Dereva aligusa. Ndani palikuwa laini kama kioo.

"Oili imechangia," Bi Gia aliendelea, "lakini haiwezi kufanya haya peke yake. Nionyeshe unavyobadilisha gia."

Alimkalisha kwenye kiti, akampa kopo la kuwa pedali na mpini wa nyundo kuwa gia. Dereva aliona haya, mtu mzima kuendesha kiti mbele ya mama mkwe, na mkewe alikuwa mlangoni amejifunika mdomo kwa kanga. Lakini alifanya. Akakanyaga, akavuta kutoka ya tatu kwenda ya pili kwa mkupuo mmoja, kama anavyofanya siku zote. Bi Gia alimwambia arudie. Alirudia. Akamwambia aachie mpini. Aliuachia, na baada ya muda kidogo mkono wake ukaurudia wenyewe na kulala juu yake.

"Umeona?" alisema mama mkwe, wala hakuwa na ukali. "Mkono wako unapumzika juu ya gia, na huko ndani kuna kitu kinasuguliwa kutwa nzima kwa sababu ya uzito huo. Halafu unaisukuma kama mtu anayefukuzwa. Ukifika katikati, pumua. Msuluhishi anahitaji muda wa kusema neno moja tu. Na ukishuka gia, gusa pedali ya mafuta kidogo kabla hujaingiza, usimwachie yeye kazi yote ya kuinua mwendo."

Alimfanyisha zoezi hilo kwenye kiti mpaka mkewe akachoka kucheka, akaenda zake kuendelea na shughuli.

Pete mpya zilipatikana kwa muuza vipuri wa tatu. Dereva alizileta akiwa na furaha, zinang'aa ndani ya karatasi. Bi Gia alichukua moja, akaibana kwenye koni ya gia kwa kiganja cha kushoto, akajaribu kuizungusha. Ilizunguka. Akaisukuma tena, ikazunguka tena. Aliirudisha kwenye karatasi, akasema irudishwe ilikotoka.

Dereva alijaribu kumtetea yule muuza vipuri. Pete ni mpya, alisema, na abiria wake wanahangaika kwenye gari la kuazima.

"Upya si kazi," Bi Gia alisema. "Pete inayoteleza mezani itashika wapi?"

Wakaenda wenyewe, yeye na mkwe, hadi kwenye uwanja wa magari mabovu. Alipita kati ya mabodi yenye kutu akiegemea bega la dereva, na wanaume waliokuwa wakikata vyuma mle walizima mashine zao walipomwona. Mmoja wao, mwenye mvi, alikuja akiinama, akamshika mkono wa kushoto kwa mikono yake yote miwili. Alisema aliwahi kufundishwa naye, na kwamba walidhani hawatamwona tena. Kisha akaenda akaleta giaboksi ya gari la jamii ileile, lililogongwa likiwa bado jipya. Ndani yake pete zilikuwa na mifereji mikali, zimetiwa alama ya kiwanda. Bi Gia aliibana moja kwenye koni, akazungusha. Iling'ang'ania. Alimpa dereva ajaribu, na dereva alihisi shaba ikishika chuma kama mkono unaposhika mkono. Toka hapo hakuhitaji kuambiwa tena ipi ni pete nzima na ipi imekufa.

Hata hizo nzuri hazikuwekwa hivi hivi. Alimfundisha kuondoa ule mng'ao wa koni kwa msasa laini, kuzungusha bila kukandamiza. Alimfundisha kuipaka pete pesti ya kusugulia vali, ule uji wenye punje kama mchanga, kidogo kama mtu anayepaka wanja, kuizungusha kwenye koni yake mpaka alama ya mguso ionekane pande zote, kisha kuiosha kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kisha tena, kwa sababu punje moja ya pesti ikibaki itaendelea kula hata usipoiambia. Kila pete ilipewa gia yake, wala haikubadilishwa tena. Nafasi kati ya pete na meno ya gia ilipimwa kwa fila, vile vibamba vyembamba vya chuma. Meno yaliyobutuka ncha yalinolewa kwa jiwe. Dereva aliwahi kudhani kwamba kutengeneza giaboksi ni kutoa kibovu na kuweka kizima. Sasa aliona mtu anaweza kukaa na kipande kimoja cha shaba mpaka chai ipoe, na asione kwamba amepoteza muda.

Wakaanza kufunga. Kazi ilienda vizuri, shafti zikaketi, ganda likafungwa, nati zikakazwa kwa mzunguko. Mkewe alikuja kutazama, akasema kumbe imekwisha. Dereva alifuta mikono. Bi Gia aliweka kiganja cha kushoto juu ya ganda, akamwambia mkwe azungushe shafti na kuingiza gia moja moja. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Hapo aliinua kichwa.

"Tena ya tatu."

Iliingia. Kwa dereva, iliingia kama nyingine zote.

"Haijafika mwisho," Bi Gia alisema. "Fungua."

Dereva alikuwa amechoka, mgongo unamuuma, na kesho yake alikuwa ameahidi kuwachukua wagonjwa wake mwenyewe. Alisema kwa heshima yote aliyokuwa nayo kwamba gia imeingia, kwamba pengine ni ugumu wa upya tu. Mkewe naye akaongeza kwamba mama apumzike, wataitazama siku nyingine. Bi Gia hakuondoa kiganja.

"Itatembea," alisema. "Itatembea hata miezi. Halafu siku moja, mlimani, itaruka yenyewe na watu wako ndani. Fungua, baba."

Wakafungua. Kitovu cha gia ya tatu na ya nne, ambacho kola, ule mkanda wa chuma unaosukumwa na mpini wa gia, huteleza juu yake, kilikuwa kimegeuzwa. Upande wenye shingo ndefu ulitazama nyuma badala ya mbele. Dereva alikumbuka vizuri alivyouliza, na alivyoelekezwa, na akaamua kumeza maneno yake. Lakini Bi Gia alikuwa ameshakigeuza kile kitovu mkononi.

"Wewe uliniuliza, na mimi nikakwambia upande huu," alisema. "Ni mimi niliyekosea. Usijilaumu."

Alilisema hivyo tu, mbele ya binti yake, kama anayesema mvua imenyesha, kisha akaomba mafuta ya taa waanze upya. Katika mambo yote aliyoyaona kwa mwanamke yule, ni hilo dereva alilolisimulia zaidi baadaye. Angeweza kunyamaza, naye peke yake ndiye aliyehisi. Hakuna mwingine mle ndani ambaye angejua. Walirudia kazi yote, na safari hii dereva hakuona uchovu.

Asubuhi giaboksi ilipandishwa. Walitia oili nyepesi, ile inayostahili. Bi Gia alikataa gari liwashwe mpaka klachi nayo itazamwe, na kweli bomba lake lilikuwa na hewa. Alieleza kwamba klachi isiyoachia sawasawa humlazimisha msuluhishi kushindana na injini nzima, na hakuna shaba inayoweza hayo. Hewa ikatolewa, pedali ikawa na uzito wake.

Walipanda wawili, dereva na mama mkwe, wakaenda hadi kwenye barabara pana isiyo na magari. Bi Gia alikaa kiti cha mbele cha abiria, gia ikiwa upande wake wa kulia. Dereva aliendesha, akapumua katikati kama alivyofundishwa, na gia zikaingia kimya. Alikuwa anangoja aambiwe neno. Badala yake mama mkwe aliuinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka juu ya gia.

"Kanyaga klachi," alisema.

Dereva alikanyaga. Vidole vile visivyoweza kushika spana viliurudisha mpini taratibu, kwa uzito wao tu, kutoka ya tatu hadi katikati. Vikatulia hapo. Dereva akagusa mafuta. Vidole vikavuta, na gia ya pili ikaingia bila sauti, kama inavyoingia droo iliyopakwa nta. Aliachia klachi. Gari likaendelea. Dereva alitazama barabara kwa bidii kubwa, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti. Bi Gia alitaka kurudia, wakarudia, na kurudia tena, mpaka barabara ikaisha.

Wagonjwa walirudi kwenye viti vyao. Mwalimu hakusema lolote njia nzima, na waliposhuka alimuuliza dereva kama wameutengeneza ule mlima. Madereva wengine walianza kuulizia, kisha yule fundi mwenye mvi wa uwanja wa magari mabovu akaja na giaboksi kwenye mkokoteni, halafu mwingine. Mke wa dereva alihamishia pasi sebuleni, akilalamika kwamba nguo zote sasa zinanukia mafuta ya taa, lakini ni yeye aliyenunua taa mpya yenye mwanga mkali kwa ajili ya ile meza.

Dereva aliendelea na wagonjwa wake. Akimaliza zamu, anapitia chumba cha nyuma, anaosha mikono, anavaa ovaroli. Siku moja alipoingia, mama mkwe alikuwa ameshaketi kwenye stuli, na mezani palikuwa na giaboksi kubwa ya basi, imetoka kwenye karakana yake ya zamani. Walioileta walikuwa wamesimama ukutani, hawajui wakae wapi.

"Umechelewa," Bi Gia alimwambia mkwe wake. "Leta karai, tuone wameilisha nini."